Nondo ya Damian

Rahima, binti wa Haidari, alipofika Kagondo kumwuliza Mzee Kashaija jinsi mashine za kahawa zilivyokuwa zikilia, mzee aliingia chumbani akamletea daftari.

Lilikuwa daftari la gamba gumu, limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko ambao watu wa rika lake waliusifu na wajukuu wake hawakuweza kuusoma. Ndani mlikuwa na michoro ya mashine zote nne za kukoboa, upana wa kila mkanda, idadi ya mizunguko kwa dakika, na tarehe ambazo kila beringi ilibadilishwa. Kashaija alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kile mpaka siku kilipofungwa. Alipenda kusema kwamba wengine walipewa vyeo na wajomba zao, yeye alipewa na masomo ya usiku. Miaka minne mfululizo alitoka kazini, akaoga, akakaa darasani na watu wazima wenzake mpaka taa ya karabai ilipoanza kufifia, na akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na watoto watatu.

Rahima alilifungua daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alisomea sanaa Dar es Salaam, kisha akarudi Bukoba na masanduku mawili ya nyaya yaliyomfanya baba yake ashinde dukani kwake akimweleza kila mteja kwamba binti yake si fundi redio.

"Babu, hili ni zuri sana," alisema. "Lakini mimi natafuta sauti."

"Sauti ndiyo hiyo. Mizunguko mia tisa kwa dakika."

"Mia tisa inaliaje?"

Kashaija alijua mashine namba moja ilikuwa na sauti nzito kuliko namba tatu. Alijua namba nne ilipiga kelele zaidi kahawa ikiwa mbichi. Lakini alipojaribu kuitoa sauti yenyewe, kilichotoka kilikuwa kama mtu anayesafisha koo, na Rahima akainamisha kichwa asije akaonekana anacheka.

Alikuwa amekwisha kumweleza shida yake. Alipata kibali cha kutumia jengo la kiwanda cha zamani kwa Jumamosi moja. Alitaka watu wakae juu ya magunia wasikilize jengo lile lilivyokuwa. Si muziki, alisema, wala si ngoma, ni sanaa ya sauti. Angebandika vinasa sauti vidogo kwenye nguzo za chuma, angezisugua kwa uta wa fidla, angemwaga kahawa kavu juu ya bati, angepitisha upepo wa ziwani kwenye mabomba. Lakini mashine zenyewe ziliuzwa kama vyuma chakavu zamani, na hakuna aliyewahi kuzirekodi. Alikuwa na mwili wa kiwanda bila pumzi yake.

"Hakuna mtu aliyekuwa anaweza kuziigiza?" aliuliza. "Hata kwa mzaha tu? Kila kazi huwa na mtu wa hivyo."

Alikuwapo. Kashaija aliangalia nje, kwenye banda la mbuzi, ambako mlango ulikuwa umezuiwa kwa kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Ncha moja ya nondo ile ilikuwa imesuguliwa kwa tupa mpaka ikawa mviringo na laini kama kidole cha mtoto. Angeweza kusema hakuna. Hakuna mtu Bukoba ambaye angemsuta, kwa sababu waliojua walikuwa wamekwisha kufa.

"Yupo mmoja," alisema. "Kama bado yu hai. Yuko Muleba, upande wa Kamachumu. Anaitwa Damian."

*

Damian ndiye aliyekuwa mpaka grisi, mtu wa kulainisha mashine. Hakujua kusoma wala kuandika, na hakuona haya. Kila asubuhi alipita mashine moja hadi nyingine na nondo yake. Ncha moja aliiweka juu ya kasha la beringi, ile laini akaikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wenzake waliiita nondo ile daktari. Ikifika saa ya kula, Clavery na Rugambwa walimtania, "Damian, tupigie namba mbili," naye alikaza koo, akatikisa mashavu, na mashine ikawa hapo katikati ya sahani za matoke, mkanda wake ukipiga, kahawa ikivunjika ndani yake, kila kitu.

Mwezi wa nane mwaka themanini na sita, wiki tano baada ya Kashaija kupewa usimamizi wa zamu, Damian alimjia akamwambia beringi ya namba mbili inatafuna.

Kashaija alifungua daftari. Beringi ile ilikuwa na siku ishirini na mbili tu. Kwa mujibu wa kitabu cha mashine ilipaswa kwenda miezi minne. Meli ilikuwa bandarini inasubiri magunia.

"Kitabu kinasema nzima," alimwambia.

"Kitabu hakijaiwekea nondo. Simamisha, tuifungue."

Ilikuwa mara ya pili anasema, na safari hii alisema mbele ya watu. Kashaija aliona Clavery na Rugambwa wamesimama kumwangalia msimamizi wao mpya. Akasema maneno ambayo kwa miaka mingi baadaye aliyasikia akiwa ananyoa ndevu, "Wewe soma kwa nondo, mimi ninasoma kwa macho. Tutaona nani alikwenda shule."

Watu walicheka. Damian alicheka kidogo pia, kwa adabu, akarudi kusimama pale pale kwenye namba mbili, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Saa moja baadaye shafti ilikatika. Mkanda ulichomoka ukampiga upande wa kushoto wa kichwa, na sikio la upande huo halikufanya kazi tena.

Uongozi ulitaka taarifa ya maandishi. Aliyejua kuandika taarifa alikuwa mmoja. Kashaija aliiandika usiku kucha, nakala tatu, bila kufuta neno, na katikati yake akaandika kwamba mpaka grisi hakutimiza wajibu wake kwa mashine namba mbili. Asubuhi aliipeleka hospitali. Akamsomea Damian, ambaye kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji, akamsomea yote polepole kwa sauti ya kusikika, isipokuwa mstari ule mmoja. Kisha akakishika kidole gumba cha rafiki yake, akakipaka wino.

Damian alifukuzwa kazi bila senti ya jeraha, akarudi kwenye kibanja cha baba yake. Nondo ilibaki chini ya namba mbili. Kashaija aliiokota akijiambia atampelekea.

*

Walikwenda Muleba siku ya Jumanne kwa gari la kaka yake Rahima, Najibu, aliyeendesha akilalamika kwamba dada yake anamtuma kubeba wazee kama magunia. Nondo ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, chini ya miguu ya Kashaija. Njia nzima alipanga maneno. Aliyapanga kama barua, utangulizi, kiini, hitimisho.

Nyumba ya Damian ilikuwa ndani ya migomba, ya bati, uwanja umefagiliwa. Mkewe, Vestina, alikuwa anaanika maharage. Alimtazama Kashaija muda mrefu kabla ya kusimama.

"Kumbe njia ya Muleba unaijua," alisema.

"Shikamoo waitu... habari za hapa, Vestina," alisema Kashaija kwa heshima ya Kihaya, akachanganyikiwa, kwa maana Vestina alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita.

"Unaniamkia mimi? Basi una jambo." Akamgeukia Rahima na uso ukawa mwingine. "Karibu, mwanangu. Huyu ameletwa na wewe au wewe umeletwa na yeye?"

"Mimi ndiye niliyemleta, mama," alisema Rahima.

"Nilijua."

Damian alikuwa barazani, mwembamba, kofia ya sufi kichwani, amekiegemea kiredio kilichofungwa kwa mpira. Katikati ya meno yake kulikuwa na kijiko cha bati, na mpini wa kijiko ulikuwa umegusa mgongo wa redio. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

"Hasikii kabisa kwa masikio," Vestina alimweleza Rahima. "La kushoto lilikufa Bukoba. La kulia lilioza taratibu likalifuata. Mfupa ndio bado unasikia. Ukitaka kusema naye, tumia mwiko. Unaushika hivi kooni kwako, na huku kwenye mfupa wake. Mimi nikimkasirikia naukandamiza sana."

Rahima alikuwa amesahau kufunga mdomo. Kashaija alijua kwamba msichana alikuwa amekwisha kuliona onyesho lake lote.

Vestina alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwanzia mgeni mkubwa kama inavyopasa. Kashaija aliichukua punje akaitia mdomoni. Ilikuwa chungu kuliko alivyokumbuka. Akapokea mwiko.

"Damian," alisema, ubao ukimtetemekea kooni. "Ni mimi Kashaija."

"Nimekuona," alijibu Damian kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Macho hayajaondoka. Umenenepa."

"Nimekuja..." Vestina alikuwa amesimama pale na kikapu chake. Rahima alikuwa pembeni, kichwa amekiinamisha. Najibu alikuwa anakula ndizi. Maneno yote aliyoyapanga tangu Bukoba yalikuwa yanaanza na neno moja, na neno lile lilikataa kupita kwenye mwiko mbele ya mke wa mtu. "Nimekuja na binti wa Haidari wa dukani. Anafanya maonyesho kule kiwandani. Anataka uje umpigie mashine, kama zamani."

Damian alimtazama. Alisubiri, mwiko ukiwa bado kwenye mfupa wake.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu," alisema Kashaija.

"Haya. Nitakuja."

Nondo ilirudi Bukoba ndani ya gazeti lake, ikazuia tena mlango wa mbuzi mpaka Jumamosi. Kashaija alijiambia hapakuwa na nafasi, ni kwa sababu ya Vestina, na kwamba Jumamosi wangekuwa wawili peke yao. Alikuwa na miaka sabini na minne na alijua vizuri sana kujiandikia taarifa.

*

Jumamosi watu walianza kuingia kiwandani saa tisa alasiri. Getini, Asha muuza maandazi aliwatania, "Mnakwenda kusikiliza kelele? Njooni kwangu, nina watoto sita, sitozi kiingilio." Lakini saa kumi ilipofika alilifunika beseni akaingia naye. Walikuwapo vijana wa vyuo, walimu, wazungu wawili, na wazee wachache wa mjini waliokuja kuona jengo. Kashaija aliwatafuta watu wa zamu yake. Hakuwapo hata mmoja. Clavery alizikwa Maruku miaka tisa iliyopita, na Rugambwa alikwenda kisiwa cha Goziba kuvua, hakurudi.

Kilichobaki humo ndani kilikuwa majukwaa manne ya zege mahali ambapo mashine zilikaa, nguzo za chuma, na shafti moja ndefu juu darini ambayo wauza vyuma chakavu hawakuweza kuifikia. Vumbi la maganda ya kahawa bado lilikuwa kwenye nyufa, na jua la alasiri liliingia kwenye matundu ya bati.

Rahima aliwaketisha wazee wawili kwenye jukwaa la namba mbili. Hakujua maana yake. Alilichagua kwa kuwa lilikuwa katikati.

Asubuhi ile, walipokuwa wanajaribu, mwiko haukufaa, ulikuwa mfupi. Kashaija alitoa nondo kwenye gazeti. Damian aliipokea, akaigeuza, akapapasa ncha laini kwa kidole gumba.

"Hii ilikuwa wapi?" aliuliza.

Kashaija alionyesha kifua chake, kwamba nilikuwa nayo mimi. Hakueleza habari za banda la mbuzi. Rahima alifurahi mno, akabandika kinasa sauti kidogo, ukubwa wa sarafu, katikati ya nondo kwa utepe mweusi. "Babu, kila utakachomwambia kupitia hapa kitasikika ukumbi mzima," alimweleza Kashaija. "Na mimi nataka hivyo. Wewe unamtajia mashine tu, yeye anaipiga. Namba moja, mbili, tatu, nne. Basi."

Kwa hiyo alijua. Jambo hili alilisisitiza baadaye nafsini mwake, kwamba hakuteleza. Alijua kinasa kilikuwa pale.

Onyesho lilianza kimya kimya. Rahima alipitisha uta kwenye nguzo, na nguzo ikaguna, mguno mrefu uliopanda miguuni mwa watu. Kahawa ilimwagwa juu ya bati, punje moja moja, halafu gunia zima. Upepo wa ziwani ukalia ndani ya mabomba. Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Kashaija, ambaye alikuwa amekuja akiamini huu ni mchezo wa watoto wenye vyeti, alihisi nywele za mikono zikimsimama. Jengo lilikuwa linakumbuka.

Rahima alimpungia mkono. Kashaija akaishika nondo kooni, ncha laini ikiwa nyuma ya sikio la Damian.

"Namba moja," alisema, na ukumbi mzima ukasema namba moja.

Damian alifumba macho. Sauti ilianzia tumboni, ikapanda, mkanda ukaanza kupiga, na mashine nzito ya kwanza ikawaka baada ya miaka yote ile. Sauti yake mwenyewe aliisikia ndani ya fuvu, hakuhitaji masikio. Asha alijishika mdomo. Mzee mmoja mlangoni alivua kofia.

"Namba mbili," alisema Kashaija.

Damian alifumbua macho, akamtazama.

Namba mbili ilianza nzima, nyepesi, ya haraka. Kashaija aliitambua kama mtu anavyotambua hatua za mtu wa nyumbani kwake. Halafu, chini kabisa ya mlio, kikaingia kitu kidogo, mkwaruzo, kama jino linalosaga mchanga. Kikapotea. Kikarudi. Hiki hakikupangwa asubuhi. Mkwaruzo ukakua taratibu, ukashika mwendo wa shafti, ukawa unatafuna, unatafuna, na Kashaija, aliyekuwa msimamizi wa zamu, aliyesoma kwa macho, aliisikia beringi ile kwa mara ya kwanza. Ilikuwa wazi kabisa. Hata mtoto angesema simamisha.

Damian alinyamaza kabla ya shafti kukatika. Akakaa, akimtazama, nondo ikiwa bado mfupani.

Ukumbi ulisubiri. Rahima, nyuma ya meza yake ya nyaya, aliinua vidole vitatu. Namba tatu.

Kashaija alikandamiza nondo kooni mpaka ikauma.

"Damian. Ulisema inatafuna. Ulisema mara mbili." Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye nguzo, kwenye bati, juu darini. "Mimi nilikataa kwa sababu ya watu waliokuwa wanatazama. Halafu nikaandika kwamba hukupaka grisi. Ulipokuwa hospitali nilikusomea taarifa nikauruka mstari huo. Nikakushika kidole."

Damian hakuondoa macho.

"Ulikuwa mstari wa ngapi?" aliuliza kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde.

"Wa saba."

"Wa saba," alisema Damian. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mahali ambapo kitu kilikuwa kimeanguka. "Waliponifukuza waliniletea barua. Binti yangu Kokuberwa alikuwa darasa la nne, akanisomea. Imo humo, hakupaka grisi. Baba yangu alikuwa amekaa hapo hapo anasikia. Alikufa mwaka uliofuata anajua nimefukuzwa kwa uvivu." Alipumua. "Mimi nilimwambia Vestina, Kashaija atakuja. Ana daftari, ana akili, atakuja aseme. Nikisikia baiskeli barabarani natoka. Nikisikia gari natoka. Nilikusubiri mpaka masikio yakaisha."

Kashaija alitafuta neno. Mambo yote aliyosoma usiku kwa miaka minne hayakumpa hata moja.

"Endelea," alisema Damian. "Bado namba tatu."

"Damian..."

"Namba tatu, Kashaija. Watu wanasubiri."

"Namba tatu," alisema Kashaija, na Damian akafumba macho akaipiga, halafu akapiga nne, bila kosa, mpaka Rahima alipozima spika zote, akaiacha rekodi ikiendelea, na jengo likabaki na ndege wake wa darini.

Kisha makofi yakalipuka. Watu walisimama juu ya magunia. Vijana walipiga miluzi. Asha alipenya mpaka mbele, machozi mashavuni, akamshika Kashaija mkono. "Mzee, umeigiza vizuri jamani. Lile la hospitali lilinichoma. Mlifanya mazoezi muda gani?"

Kashaija alijaribu kumwambia, akaona uso wake ulivyojaa furaha, akashindwa.

Damian alikuwa anatazama mikono ya watu ikigongana bila sauti. Aliivuta nondo, akaiweka ncha moja kooni mwa Kashaija kwa mkono wake mwenyewe.

"Wanapiga makofi ya nini?"

"Wanadhani ni maonyesho. Wanadhani tumetunga."

Damian alifikiri. "Wanampigia nani? Wewe au mimi?"



*

Damian alilala kwa Haidari, na Jumapili baada ya misa Najibu alileta gari kumrudisha Muleba. Rahima alimvuta Kashaija pembeni. Alikuwa hajalala.

"Babu, yale yalikuwa kweli?"

"Kweli."

"Nimeyarekodi. Yamo na makofi. Nikitaka kuondoa makofi lazima niondoe na maneno ya mwisho ya Mzee Damian, yamepandana." Alikunja utepe mweusi kidoleni. "Niyafute yote?"

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kashaija alimwona binti yule hana uhakika. Alifikiri juu ya nakala zile tatu, safi, bila neno lililofutwa, ambazo mchwa walizila katika ofisi fulani kabla hajapata ujasiri wa kuziomba.

"Usifute kitu," alisema.

Alikwenda kwenye gari. Usiku ule alikuwa amepata maneno. Hayakuwa mengi. Alitaka kusema habari za baba yake Damian, kwamba angekwenda Kamachumu Jumapili yoyote watakayomtajia, asimame mbele ya jumuiya yao aseme, hata kama waliomcheka mzee yule walikuwa makaburini. Alitaka kusema bila utangulizi na bila hitimisho.

Damian alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi. Nondo ilikuwa yake sasa, na alikuwa amekwisha kuilaza chini ya kiti, pamoja na mkungu wa ndizi aliopewa na Haidari. Kashaija aliinama dirishani, akaonyesha koo lake, akaonyesha chini ya kiti.

Damian aliona. Akamtazama kwa upole, kama alivyocheka siku ile kwa adabu, akanyoosha mkono nje ya dirisha, wakashikana. Mkono wake ulikuwa mkavu, na kidole gumba kilikuwa na gamba gumu la kazi ya shamba. Kisha akamgonga Najibu begani kwamba twende.

"Damian," alisema Kashaija, kwa sauti ya kawaida, akijua kwamba hasikii. Gari liliondoka.

Alipofika Kagondo mbuzi walikuwa wametoka, wanakula maharage ya jirani, na Maimuna jirani mwenyewe amesimama mpakani amejishika kiuno.

"Babu Kashaija, leo umesahau kufunga?"

Aliwaswaga akawarudisha bandani. Akavuta mlango, na mkono wake ukapapasa chini, kulia, mahali pa nondo, ukapapasa tena. Akaenda migombani, akachuna kamba ya gome la mgomba lililokauka, akaufunga mlango kwa mafundo mawili. Ulishika kidogo. Upepo ulipopita, mlango ulianza kugonga kwenye mhimili, taratibu, na Kashaija alikaa kwenye kigoda chake akiusikiliza mpaka chakula kilipoiva.